Maji Mekundu Shinani mwa Mgomba

Kipigo cha kwanza nilichopata kwa ajili ya kalamu kilitua kwenye vidole, nikiwa darasa la pili huko Izimbya. Mwalimu wa dini, ambaye ndiye aliyetufundisha pia kusoma, alikuwa na kalamu ya wino nyeusi iliyochorwa ndege mwenye mkia mrefu, manyoya mekundu na ya dhahabu, kazi ya mkono, kwa brashi ambayo nadhani haikuzidi unywele mmoja. Nilinyoosha kidole nimguse yule ndege. Akanichapa kwa ubavu wa rula mpaka ukucha ukang'oka. Baba alipoona ule mkono hakwenda kumwuliza mwalimu neno. Alisema shule inayorudisha watoto bila kucha haina faida, bora nibaki nyumbani nichume kahawa. Shule yangu iliishia hapo.

Miaka mingi ilipita. Nikaolewa Muleba, nikazaa, nikafiwa na mume, ndipo nikasikia yule mwalimu amekufa. Matanga yalipoanuliwa nilikwenda kwa watoto wake na jogoo mkononi, nikawaomba ile kalamu. Walicheka sana, wakanipa. Walidhani nimekuja kuomba blanketi la marehemu.

Nikaanza hivyo. Zamani makarani wa kahawa, mahakimu, walimu na wenye maduka ya mjini walikuwa nazo kalamu za namna hiyo, na sasa wenyewe wanakufa, na wajane hawajui waifanyie nini kalamu isiyoandika. Mimi nilijua. Nilipata yenye samaki wawili, nilipata yenye mlima na nyumba ndogo kama punje ya harage. Mimi kuandika jina langu likae mstarini ni kazi, lakini majina ya watu hayanitoki. Kila kalamu nilijua ilikuwa ya nani, baba yake nani, ukoo gani, alizikwa siku gani. Hapa siyataji. Wenyewe wamelala, na walio hai wana watoto.

Kuzisafisha nilifundishwa na fundi saa mmoja wa Bilele, mjini, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Alinikataza maji ya moto, yanabandua rangi. Alisema, "Wino ukiganda, bibi, usigombane nao. Uloweke mpaka utubu wenyewe." Basi nilikuwa naloweka nibu, ile ncha ya kuandikia, kwenye bakuli, asubuhi namwaga yale maji, naweka mengine, mpaka yatoke meupe. Nilimwaga shinani mwa mgomba, kama tunavyomwaga maji yote hapa kwetu. Na nikiwa nazifuta nilikuwa nikitaja majina ya wenyewe, moja moja, nisije nikasahau.

Kibanja changu, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kina njia ya watu katikati. Anayepita anasikia.

Kalamu ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mwingine, mume wa jirani yangu. Huyo jirani ndiye aliyekuwa rafiki yangu; misiba yote ya kijiji tulimenya ndizi tumekaa pamoja, goti kwa goti. Mumewe alipofariki alinipa kalamu yake ya kijani yenye maua meupe, nami nikampa kuku na kahawa kilo mbili. Mwalimu alikuwa akisahihisha kwa wino mwekundu. Niliiloweka siku tatu, na siku zote tatu nilimwaga maji mekundu kwenye mgomba ulio kando ya njia.

Wiki hiyohiyo lori lilimkanyaga mtoto wa kiume wa huyo rafiki yangu, mtu mzima mwenye pikipiki yake, barabarani. Nilikwenda na kisu changu kumenya ndizi kama kawaida. Nikamenya. Wanawake wakachukua ndizi za kila mtu wakatia sufuriani, zangu wakaziacha juu ya jani mpaka zikawa nyeusi. Nilielewa kuna jambo, ila sikujua jambo gani.

Siku ya nne baada ya mazishi, saa tatu asubuhi, walikuja. Mbele alikuwa baba mdogo wa yule kijana aliyekufa, mdogo wake mwalimu, ameshika panga. Mtu huyo nimembeba mgongoni akiwa mchanga. Hakunipa hata shikamoo.

"Damu unayomwaga kwenye mgomba ni ya nani?"

Nikacheka. Sikupaswa kucheka. Nikasema ni wino, wala sina siri, ngojeni niwaonyeshe. Nikatoa sanduku, nikazipanga kalamu juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, nikaanza kuwataja wenyewe. Nilidhani natumia akili: mwizi hajui majina ya aliowaibia, na mimi nayajua mpaka ya babu zao na siku walizozikwa, kwa hiyo wataona nilizipata kwa haki. Nilikuwa nimefika wa sita niliposikia mtu nyuma akinong'ona, "Anawaita."

Panga lilinipiga bapa shavuni, nikaangukia kalamu. Wakanivuta kwa miguu mpaka uani. Nilipigwa mateke mgongoni na tumboni na watu ambao wengine nilikuwa nimewapokea mikononi mwangu siku wanazaliwa.

Pale uani nikamwona rafiki yangu amesimama penye njia, na kanga yake ya msiba. Nikajua uhai wangu uko mdomoni mwake. Neno moja tu.

"Dada, waambie," nikamwambia. "Waambie nani alinipa."

Aliangalia miguu yake.

Huko kuangalia chini nakufahamu. Nilipokuwa bi harusi, kikongwe mmoja alipigwa mbele ya macho yangu, wakimwita mchawi, nami nilikuwa na jembe begani, na nilijua hana kosa kwa sababu usiku ule waliosema aliloga alilala kwetu. Niliangalia jembe langu. Yule mama hakupona. Jina lake ninalo pia.

Nilipoinua mkono kujikinga, mgongo wa panga ulishukia kifundoni, mfupa ukalia kama tete kavu. Waliingia shambani wakakata migomba, yenye mikungu na isiyo na mikungu, na kwetu kumkatia mtu migomba ni kumwambia umeshazikwa. Kalamu walizikanyaga. Yule ndege alivunjika shingoni. Mmoja akasema panga linachelewesha, akaondoka kwenda kutafuta mafuta ya taa. Mwenyekiti wa kijiji na mgambo wake walifika kabla hajarudi. Ndiyo maana niko hai nikisimulia haya.

Nilikaa Bilele kwa binti yangu miezi kadhaa, mkono kwenye plasta. Halafu mwenyekiti akaitisha mkutano kuamua kama naweza kurudi kwenye kibanja changu. Binti yangu alinisihi nisiende, alisema nyumba ipo, chakula kipo, nang'ang'ania nini. Nikamwambia mume wangu amelala kule na mimi nitalala kule.

Yule baba mdogo alisimama wa kwanza. Polisi walikuwa wamemwachia kwa dhamana, kesi yake ikiendelea mjini. Alisema niliwaita wafu kwa mdomo wangu, wote walisikia kwa masikio yao, mtu kama huyo hawezi kuishi na watu. Wengi wakaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akamgeukia rafiki yangu, akamwuliza kalamu ya marehemu mume wake ilifikaje kwangu.

Alisimama.

"Nilimpa mimi," akasema. "Akanipa kuku na kahawa kilo mbili. Kuku mwenyewe alikuwa anataga. Nikaona nimempunja, nikanyamaza."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Shemeji yake hakucheka. Akauliza kwa sauti, na ile damu je?

"Hiyo damu unaifahamu, shemeji. Ndiyo kaka yako aliyokuwekea kwenye daftari la hesabu, ukurasa mzima, kila mwaka."

Hapo mkutano ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Watu walewale, kwa meno yaleyale. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi mkono umenipinda, nikiwahesabu waliocheka ambao pia walinipiga teke. Ikaamuliwa nirudi, na waliokata migomba walete machipukizi wapande.

Tulipotoka rafiki yangu alinifuata, akashika mfuko wangu. Alisema aliogopa, kwamba angefungua mdomo siku ile wangemwuliza kwa nini alitoa kitu cha mume wake, wangesema mtoto tumemuua pamoja. Nikamwambia najua. Nikamwachia mfuko abebe, maana mkono wangu haubebi tena.

Ila njia ya kwangu ni nyembamba, watu wawili hawatembei sambamba. Alisimama pembeni nipite. Nikamwambia atangulie yeye.

Mgongoni mwangu simtaki bado.