Ngoma Hazipangi Foleni

Nasema mapema ili tusije tukalaumiana: mimi sipendi kushindwa. Watoto wangu wakinifunga karata, huwa nazikagua zote moja moja nione kama hakuna iliyofichwa chini ya mkeka. Kwa hiyo niliposikia kwamba kundi la ngoma la Busisi, ng'ambo ya maji, kundi linaloongozwa na mama yangu mzazi, nalo linakuja kwenye tamasha letu kando ya ziwa, furaha na hofu viliniingia kwa pamoja.

Tamasha lenyewe lilikuwa la mitaa yetu. Wale watu wa Mabatini na Mirongo, hapa Mwanza, wanaookota chupa mtoni na kupanda miti ufukweni waliamua kwamba mwaka huu wasichoke tu, wafurahi pia. Wakaomba bustani ile yenye nyasi zinazoteremka mpaka majini, wakaalika kila mwenye sanaa yake: wachoraji, wanakwaya, watoto wa ngonjera, mabinti wa Kihindi wa mjini na ngoma yao ya fimbo, akina mama wanaosuka vikapu kwa magugu maji. Sharti lilikuwa moja tu, kila sanaa isifu ziwa, mti au kiumbe. Asubuhi nilikuta watoto wamechora viboko kwa chaki kwenye mawe makubwa, na pimbi wametoka mapangoni mwao kutazama. Korongo walizunguka kwenye mahema ya wapishi wakisubiri vichwa vya samaki. Yaani nilijisikia vizuri hata kabla ya kuimba.

Sasa nieleze ugomvi wetu. Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma, vya tangu enzi za mababu, na mtu huzaliwa ndani ya kimojawapo kama anavyozaliwa ndani ya ukoo. Mimi nilizaliwa kwenye chama cha mama, wale wanaocheza na majembe. Nikaja kuolewa Mabatini, kwa mama mkwe ambaye ni manju, yaani mtunzi na mwimbishaji, wa chama kile kingine. Akaniingiza kwenye waitikiaji, na mwaka huu magoti yalipomgomea akanikabidhi kuongoza.

Mama alipopata habari alinipigia simu. "Kuolewa umeolewa, sawa," alisema. "Hata ngoma nayo imekuoa?" Kisha akaulizia kuku wangu. Kila nikigusa habari za kuimba, mama anaulizia kuku. Utotoni alizoea kusema sauti yangu inafaa kuamia ndege kwenye mpunga, nami nikaamini. Miaka yote hiyo nimeimba, na hakuwahi kunisikia hata mara moja. Nilitaka kumshinda, sikatai, lakini zaidi nilitaka anisikie, na akishanisikia akiri kwamba naimba. Nilikuwa mama wa watoto watatu na bado nalitaka jambo hilo kwa uchungu wa mtoto.

Zamani, kutoka kwao kuja mjini ilikuwa ni kungoja pantoni pale Kigongo na kufika umeshachakaa. Siku hizi kuna daraja. Waliteremka kwenye kosta wakiwa wanaimba tayari, vitenge vimenyooka, majembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo. Karibu chai, mama, imeshaiva."

Aliitazama chupa ya chai kwa mashaka makubwa. "Kabla ya ngoma siwezi kula kwa adui," alisema. "Tukishawapiga nitakunywa." Akanikabidhi mfuko wa michembe, viazi vile vya kukaushwa ninavyovipenda tangu utoto, akaenda zake kwa wenzake. Mimi niliitafuna palepale. Mimi kwa adui nakula.

Aliyepanga ratiba ni binti mmoja mchapakazi aliyehamia kutoka Dar. Alikuwa ametupanga kwa zamu: Busisi kwanza, wakimaliza tufuate sisi. Ratiba nzuri kabisa, ila hakuna aliyemwambia kwamba kwetu haiwezekani. Ngoma ya Busisi ilipolia tu, ya kwetu nayo ikalia upande wa pili wa bustani. Binti akakimbilia kipaza sauti, akawa anatusihi, "Jamani, kundi moja moja! Wazazi wangu, naomba kundi moja moja!" Alikuwa karibu kulia.

Aliyemwokoa ni mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzaliwa wa Mirongo, anayekiongea Kisukuma kuliko baadhi yetu.

"Binti, hapa ngoma hazipangi foleni," alimwambia. "Zinapigwa zote mbili, saa ileile, uwanja uleule. Watazamaji wanahama wanavyotaka. Jua likishuka, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Mtu mmoja akivuka, hiyo ni kura."

"Na majaji je?"

"Majaji ni miguu."

Binti alifikiri kidogo, kisha akacheka, akaja upande wetu na kile kipaza sauti chake.

Tukaanza kurushiana maneno, kwa sababu ngoma zetu bila matusi ya heshima hazinogi. Tuliimba kwa Kisukuma. Hapa nayaweka kwa Kiswahili. Mimi nilianza: wenzetu wa ng'ambo wamechoma miti yote mkaa, sasa tumbili wao wamekuja Mwanza kutafuta vyumba vya kupanga. Watu wakaangua kicheko. Hazikupita pumzi mbili, wakajibu: mjini ziwa lenu limejaa chupa, sangara anakunywa soda, na sato siku hizi anavaa mfuko. Hata waitikiaji wangu walicheka, nikawakata jicho. Waliookota chupa mwaka mzima walikuwa wamekaa nyuma yetu, na wao ndio waliocheka kuliko wote.

Halafu yakaja majembe. Mama na wenzake waliyarusha juu, yakazunguka, wakayadaka kwa mgongo bila kupoteza pigo la ngoma. Mama ana umri wa kuitwa bibi na kila mtu sokoni, lakini pale alikuwa mwepesi ajabu, na niliona fahari hata nilipokuwa nashindwa. Kwa maana nilikuwa nashindwa. Wachoraji walihama na chaki zao. Mabinti wa fimbo walihama. Kisha wanangu wenyewe, niliowaogesha na kuwavisha asubuhi ile, wakakatiza bustani mbio kwenda kwa bibi yao, bila hata kugeuka nyuma. Waitikiaji wangu wakaanza kulegea.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu. Akanigusa kiuno kwa fimbo yake. "Acha hizo ulizokariri," alisema. "Mwimbie yeye."

Sikuwa na wimbo wa mama. Nilifungua mdomo tu, na binti wa ratiba akakisogeza kipaza sauti karibu. Niliimba hivi: yuko mwanamke ng'ambo ile, alinizaa kando ya maji. Alinipa majina ya miti yote, mti wa kikohozi, mti wa tumbo, mti wa kuni zisizo na moshi. Alinipa majina ya ndege wote wa ziwa. Wimbo akaninyima. Wimbo nimeuokota kwa maadui zake. Mama, njoo utazame kama nimeuokota mzima.

Jembe la mama lilikwenda juu na halikurushwa. Alilishika hewani, akalishusha polepole, akaliweka begani. Kisha akaanza kuja. Wenzake wakadhani ni mtindo mpya, wakachelewa kushtuka. Alikatiza nyasi zote zile, uso mkavu, na mzee wa duka la ujenzi akapaza sauti, "Anavuka! Jamani, manju wa Busisi anavuka!" Bustani nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mimi uso ule niliujua, ulikuwa uso wa kuja kuchapa.

Alisimama mbele yangu mpaka nikamaliza.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Nilipofika kwenye miti, akaitikia. Aliitikia kwa sauti ya pili, ya chini, ile ambayo waitikiaji wangu wameitafuta mwaka mzima wasiipate, na wimbo ukasimama wenyewe. Nyuma yake kundi la Busisi lilikuwa limeacha ngoma, likimwita msaliti, mla rushwa, mwanamke asiye na kwao, huku likijishika mbavu kwa kucheka. "Rudi huku, mama wee! Unatumaliza!"

Mama hakugeuka. "Niacheni bwana," aliwaambia, "namsikiliza mwanangu."

Ubeti uliofuata ukanipotea kabisa, na mama mkwe akaudaka kutoka kwenye kiti chake.