Kibuyu cha Siagi

Juzi binti yangu alikwama kwenye swali la fizikia: jiwe linaloning'inia kwa uzi, ukilisukuma zaidi, litarudi haraka zaidi? Nikasikia harufu ya maziwa mala, yale yaliyochachuka ya utotoni mwangu.

Jikoni kwetu Isinya, Mama alifunga kibuyu cha maziwa hayo kwenye boriti kwa kamba, nikibembeze mpaka siagi itengane. Nje wenzangu walikuwa wanacheza, kwa hivyo nilikisukuma kwa nguvu zote. Kilienda mbali, lakini kilichukua muda uleule kurudi. Niliamini kinanichukia.

"Wacha kupigana nacho," Mama alisema. "Fupisha kamba."

Nilipoifupisha, kikaanza kwenda mbio, na siagi ilipotoka bado kulikuwa na jua la kucheza.

Binti alikuwa ananingoja. Nilimpigia Mama, nikampa binti simu, nikamwambia, "Muulize shosho. Hilo swali ni lake."