Siku Niliyomwigizia Bibi Sauti ya Mwanawe

Nianze na ujinga wangu, mwanangu, kabla hujausikia kwa wenye midomo mirefu: niliigiza sauti ya baba yangu kwenye simu, nikamwambia bibi yangu mgonjwa kwamba mwanawe anakuja kula naye Pasaka. Baba hakuwa anakuja. Baba hata hakujua.

Nakuita mwanangu, na usicheke. Nipo kidato cha tatu, ndevu zangu zahesabika na hazifiki nne, lakini kuna mambo yanamzeesha mtu ndani ya siku tano. Kaa nikusimulie.

Kwetu ni Mabira, nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Tulibaki humo watatu: Bibi, Mama na mimi. Baba alikwenda Omurushaka kununua mazao, akapata huko mwanamke mwingine, na mwaka wa pili sasa hajapiga simu. Bibi ni mama yake Baba, hakumzaa Mama. Nyonga yake ilivunjika alipoteleza shambani, na macho nayo yameingia ukungu. Mama ndiye humgeuza kitandani, humwogesha, humlisha. Wajomba zangu walitoka Kibingo kuja kumchukua dada yao. "Umeachwa. Unamtunza mama yake kwa sababu gani?" Mama akawamiminia chai, akawajibu, "Siku ya ndoa yangu kanisani nilimwapia Mungu. Yeye hajaniacha." Wakanywa chai, wakaondoka. Mimi niliona ni ushamba mtupu. Nilimwambia rafiki yangu Deusi kwamba Mama siku hizi ameolewa na mama mkwe. Tulicheka sana.

Sasa kipaji changu ni kuigiza. Mwalimu wa zamu, katekista anavyokohoa kabla ya sala, wote nawaweza. Jumatano ya Juma Kuu, Mama akiwa shambani, tulikuwa nyuma ya jiko mimi, Deusi na wenzetu wawili. Deusi akasema, "Edi, baba yako humuwezi." Aa, kuniambia mimi hivyo! Nikachukua simu yake, nikapiga ile simu ya kitochi ya Mama ambayo huachwa kando ya mto wa Bibi.

"Mama, shikamoo. Ni mimi mwanao."

Bibi akalia kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. "Umekumbuka kwamba bado ninaishi? Unakuja lini?"

Hilo sikuwa nimelitayarisha. Wenzangu walikuwa wamejiziba midomo kwa mashati. Nikasema, "Pasaka, Mama. Jumapili."

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Mama aliporudi, Bibi alimpa habari kabla hajautua mzigo. Mama akaichukua simu, akaitazama namba iliyopiga, namba ya Deusi, ambayo aliihifadhi mwenyewe kwa jina. Akanitazama. Nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Akairudisha simu kando ya mto, akaenda kuwasha moto.

Kuanzia hapo Bibi akarudi kuwa mwenye nyumba. Akataka aoshwe nywele. Akataka kahawa ya kutafuna iwekwe kwenye kile kikapu kidogo cha wageni. Akataka sebule itandikwe majani mabichi, kama ilivyo desturi yetu anapokuja mgeni wa heshima. "Ukakate wewe, mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mjukuu wake, "baba yako akanyage majani yaliyokatwa na mwanawe." Basi Ijumaa Kuu, watu wakipita kule barabarani na Njia ya Msalaba wakiimba, mimi nilikuwa bondeni peke yangu na mundu, nakata majani ya kumtandikia mtu nisiyemtarajia. Sijawahi kuwa mpweke vile. Utani huwa na wenyewe wengi, mwanangu, lakini aibu yake hukaa na mtu mmoja.

Jumamosi Bibi akakataa chakula. "Nitakula na mwanangu." Na dawa zake za presha hazimezwi tumbo likiwa tupu. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikafungua mdomo, ukatoka mzaha kuhusu jogoo.

Jumapili alfajiri Mama, ambaye hakosi misa hata tope likifika magotini, alivaa kitenge chake cha kanisani akaita bodaboda. "Nakwenda Omurushaka kumwita baba yako."

Nikajua anakwenda kugonga mlango wa yule mwanamke, siku ya Pasaka, majirani wakitazama. Nikasema, "Mama, usiende, ni mimi ndiye..."

"Najua," akasema. "Kaa na Bibi."

Nikakaa. Ngoma za kigangoni zilisikika ng'ambo ya kilima. Kila pikipiki ilipopita Bibi aliuliza, "Ni yeye?" Nikajibu, "Siye, Bibi." Nilijibu hivyo mpaka ulimi ukachoka. Deusi alikuja kunichukua tukacheze mpira, akayaona majani sakafuni, akaondoka bila kuaga.

Alasiri Mama akarudi peke yake. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Nimeonana naye, Mama. Hatakuja."

"Alisema anakuja! Umemwambia nini mpaka akakataa?" Bibi akaugeukia ukuta. "Ni wewe. Mdomo wako ndio uliomtoa humu tangu mwanzo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Lawama ile ilikuwa yangu. Mama akaniinulia kiganja ninyamaze, akasema, "Nisamehe, Mama. Kula kidogo, unywe dawa." Akamega ndizi, akaipuliza ipoe. Bibi alichelewa sana, kisha akafungua mdomo.

Miaka yote nimemsikia katekista akitufundisha habari za Yule aliyebeba makosa yasiyo yake bila kujitetea, nami nilikuwa nafanya mazoezi ya kuigiza kikohozi chake. Siku ile nilimwona mtu akifanya hivyo chumbani kwetu, kitenge kimejaa vumbi.

Jumatatu nilimwambia Bibi kila kitu. Hakuamini mpaka nikaitoa ile sauti tena. Akanishika uso kwa viganja vyote viwili, kama anayetafuta kitu gizani, kisha akasema, "Niitie mama yako." Waliyoongea siyajui. Walifunga mlango.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Usiweke mzaha mahali ambapo mwenzako ameweka tumaini. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, maana mchuma janga hula na wa kwao, na mara nyingi wa kwao ndio hupewa fungu kubwa. Na ukimwona mtu amebaki penye mateso ilhali mlango uko wazi, usimwite mjinga kama nilivyofanya mimi. Huenda kuna Mmoja aliyebaki kwa ajili yake kwanza, naye anamfuata huyo. Mungu akupe mtu wa kukupenda hivyo, akupe na wewe mgongo wa kumbeba mwingine.

Jioni ile ya Jumatatu nilimfuata Mama jikoni, nikamuuliza kwa nini hakunitaja tangu mwanzo. Hakuacha kumenya ndizi. Akasema, "Mwanawe ameshamkosa. Ningekutaja, akakukosa na wewe, angebaki na nani?"