Moja Saba za Mwalimu Kagaruki

Mwalimu Kagaruki wa Nshambya angekuuliza hesabu hata ukienda kumpa pole ya mafua. Mimi fundi wake nimemjengea banda na jiko, na kila mara chai ililetwa pamoja na swali. Alipostaafu ndiyo akazidi.

Mwenzake katika ugonjwa huo alikuwa binti yake Evelyne, mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Bumbire. Mwaka juzi walichagua 1,111,111, wakataka kujua kama ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwa mkono, kikokotoo marufuku. Inatosha kujaribu namba tasa zote hadi 1,054, maana kigawo kinachozidi hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo. Ziko 177. Baba alichukua 95 za mwanzo, binti 82 za mwisho.

Evelyne alimaliza zake, akatuma daftari kwa boti hadi Kemondo. Hakuna iliyogawa. Siku hiyo nilikuwa naziba ufa wa jiko. Mwalimu alikuwa amefika 233 mvua ilipoanza, tukakimbia pamoja kuanua kahawa uani. Hakurudi tena kwenye daftari lake. Jioni Evelyne akapiga simu.

"Zako je, Tata?"

"Hakuna. Ni tasa."

Alipiga kelele za furaha hadi mimi nikazisikia. Nilijua baba yake hajamaliza, nikanyamaza. Nilidhani ni mchezo tu.

Miezi minne baadaye Evelyne alishikwa na malaria kisiwani. Ziwa lilichafuka, boti hazikuvuka siku mbili, na siku ya tatu boti ilimleta akiwa maiti. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya babu yake. Katekista alipendekeza mstari wa Biblia kaburini. Mwalimu alikataa katakata, nami nikachonga kwenye saruji alichotaka: 1,111,111 HAIGAWANYIKI.

Jumanne iliyopita aliniita. Nilimkuta amekaa kando ya kaburi, daftari mapajani. Asubuhi hiyo alikuwa ameamua kumalizia sehemu yake, basi tu, ili roho itulie. Akaanza na inayofuata 233, yaani 239. Iliingia mara 4,649, hakikubaki kitu.

"Nilimdanganya, Muhidini. Akafa ananiamini."

Nilitaka kumwambia ni namba tu. Namshukuru Mungu sikusema, maana na mimi niliianua ile kahawa.

"Nifute yote?"

"Futa neno. Namba iache, aliipenda. Chini yake weka 239 mara 4,649."

Nilifuta, nikachonga. Nilipomaliza alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye tarakimu moja moja, kisha akasema kwa sauti aliyozoea kusahihishia madaftari:

"Zako themanini na mbili zote ni sahihi, mwanangu. Zangu arobaini na nne sikuzifanya."