Gauni Jekundu Siku ya Radi

Leo radi imepiga nyumba ya shangazi hapa Mwera, na mwenye kosa eti ni mimi!

Mchana ngurumo zilianza kutikisa mabati. Shangazi akafunika kioo kwa kanga, kisha akaliona gauni langu.

"Toka! Jekundu linaita radi. Utatuua!"

Akanisukuma mvuani. Nikakimbilia banda la kuku. Mtu mzima mimi, nimechutama na mitetea!

Kioo kimefunikwa, sawa. Lakini televisheni aliiacha inawaka, na antena yake imefungwa kwenye bomba refu la chuma juu ya paa.

PAAA!

Radi ikashuka na bomba lile. Televisheni ikalipuka, ukuta ukapasuka, shangazi akatupwa chini, mkono umeungua.

Nikambeba mgongoni mpaka zahanati, na gauni hilo hilo.

Muuguzi akauliza kumetokea nini. Shangazi akaninyooshea kidole kwa mkono uliobaki mzima:

"Huyu! Kavaa jekundu!"

Nikamweleza muuguzi habari ya lile bomba. Akanisikiliza vizuri. Kisha radi ikapiga tena, akalitazama gauni langu.

"Dada, hebu kasubiri nje."

Jamani, naandika haya nimelowa chapachapa. Mngekuwa nyie mngefanyaje?