Saksafoni kwa Pumzi Kidogo

Matarumbeta ya harusi yanataka kifua. Ndivyo alivyokuwa akisema kiongozi wa bendi yetu ya Musoma, na sikumbishia kwa sababu kifua nilikuwa nacho. Nilisimama nyuma ya pikapu na saksafoni yangu, bi harusi akifuata kwenye gari lenye maua, na kazi yetu ilikuwa kuwatoa nje watu wa mtaa wa tatu kabla hawajatuona. Nilikuwa na majivuno, sifichi.

Halafu kifua kikuu kikanikamata. Nilimeza dawa miezi sita nikiwa kwa dada yangu, kijijini Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda, mpaka daktari akasema nimepona. Siku hiyohiyo nikaitoa saksafoni kwenye mfuko, nikapuliza wimbo wetu wa kumtoa bi harusi. Sikufika hata nusu. Nilikohoa mpaka kuku wakakimbia. Daktari alinieleza kwamba pafu moja limebaki na makovu, nishukuru niko hai. Nilishukuru, ila kwa hasira. Mtu aliyepuliza tangu ujana, unamwambia ashukuru kwamba anapumua?

Kiongozi akanipigia simu. Ni muungwana, hakunifukuza. Alisema saksafoni itapigwa na mtu mwingine kwa muda, mimi nishike matoazi. Nilijua "kwa muda" maana yake nini.

Mjini Bunda kulikuwa na fundi redio, mzee wa Kiislamu aliyewahi kuishi Nairobi, mtaa wenye Waethiopia wengi. Siku niliyompelekea redio ya dada, spika ya mlangoni kwake ilikuwa inatoa saksafoni ya ajabu: nzito, ya kukwaruza, inatetemeka, inanyamaza, inarudi. Nikajifanya mjuzi.

"Mzee, spika yako imechanika."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Spika nzima, mwanangu. Huyo ndivyo anavyopuliza. Hiyo ni jazi ya Ethiopia."

"Basi anaumwa."

"Haumwi. Hana haraka tu."

Redio ya dada ilitengenezwa, nikakabidhiwa, na bado nikabaki kwenye benchi lake. Yule mpigaji hakutumia nguvu. Alikuwa na sauti tano hivi, anazizunguka, na pale ambapo sisi tungejaza kelele, yeye alipaacha patupu. Nikaanza kusikiliza pumzi zake. Zilikuwa fupi. Pumzi za namna ile hata mimi nilikuwa nazo! Nilifurahi kiasi kwamba nusura nimkumbatie mzee wa watu.

Alinijazia memori kadi. Kwa wiki nyingi nilikaa nyuma ya nyumba, karibu na mihogo iliyoanikwa, nasikiliza kipande kisha nakijibu kwa saksafoni. Dada alikuja siku moja akashika kiuno.

"Mbona siku hizi unapulizaga kama unanong'ona?"

Nikamwambia ni muziki wa Ethiopia. Akasema kama ni Ethiopia ileile ya kwenye Biblia, basi sawa, niendelee.

Kiongozi sikumwambia. Niliogopa kuchekwa. Nilirudi kwenye bendi na matoazi, saksafoni nikiwa nimeibeba mgongoni kwenye mfuko wake, maana kuiacha nyumbani kungekuwa kukubali kwamba basi.

Kisha ikaja harusi ya Butiama, kitongoji cha Mwitongo. Tuliingia na kelele zetu zote. Bi harusi alikuwa tayari kuondoka, ila kwanza alitakiwa kumuaga bibi yake mzaa mama, aliyelala ndani, hawezi kuinuka. Bibi alikuwa ametuma neno: mjukuu wake hatoki kimyakimya, lazima na yeye ausikie muziki. Mpiga tarumbeta wetu akaingia. Alipopuliza mara moja tu, bati likatetemeka, bibi akaziba masikio, na jamaa akatoka ameinamisha kichwa. Wenye harusi wakaanza kusema muda umekwenda, waagane hivyohivyo.

Nikaweka matoazi chini. "Kiongozi, niingie mimi."

"Wewe? Kwa pumzi ipi?"

"Hiihii kidogo."

Bi harusi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Nilianzia chini kabisa, zile sauti tano, taratibu. Bibi akafumbua macho.

"Hee! Hii si tulikuwaga tunaisikia kwenye ritungu?"

Ritungu ni chombo cha nyuzi cha wazee wetu wa Mara, na mimi, pamoja na ujuzi wangu wote, sikuwa nimeona undugu huo. Bega lake moja likaanza kucheza chini ya shuka. Bi harusi akawa anacheka huku analia. Kiongozi alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Katikati ya wimbo pumzi ikaniishia. Kikohozi kikapanda, nikashusha saksafoni, nikajua nimeharibu kila kitu. Mtu mmoja huko sebuleni akasema, "Haya, imetosha, twendeni."

Bibi akainua mkono. "Hakuna kwenda. Mwacheni apumue." Kisha akanigeukia. "Pumua, mjukuu wangu. Sisi tupo."

Nilipumua mara tatu, polepole, chumba kizima kikinisubiri. Hakuna aliyeondoka. Nikarudisha saksafoni mdomoni.