Landrova Ambayo Haijaguswa

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Kivinje, ambayo bati zake zimeliwa na chumvi, na landrova ya zamani aliyoitumia kushusha ufuta kutoka Njinjo. Nyumba haikuwa na ugomvi, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Landrova ndiyo iliyowaleta kaka zangu wawili wa mama mwingine, mmoja kutoka Rasbura na mmoja kutoka Dar, wakiwa na majonzi yaliyodumu mpaka walipoiona bado iko uani.

Shekhe aliyesimamia mirathi alieleza mafungu mapema. Mama, kwa kuwa ndiye mjane pekee, alistahili thumuni, yaani fungu moja katika manane. Kilichobaki ni chetu watoto, na mimi mwanamke ni nusu ya anachopata kaka mmoja. Mama alikuwa amekaa eda, ndani, nyuma ya pazia la mlango, na alitaka jambo moja tu: bati mpya kabla ya masika. Basi kaka zangu wakaanza kukumbuka. Mkubwa alikumbuka kwamba injini aliinunua yeye. Mdogo akakumbuka giaboksi, difu na matairi. Kila jioni walikumbuka kitu kingine, mpaka mali ya marehemu ikabaki bodi, honi na usukani, na usukani nao ulikuwa unajadiliwa. Thumuni ya honi haiezeki hata choo. Nilikuwa nikiwapelekea kahawa huku natamani kuwamwagia.

Kisha akaja mnunuzi, mtu wa Dar anayekusanya magari ya kale, amevaa kofia ya safari kana kwamba Kivinje ni mbuga. Alisema wazi kwamba hajali kama gari linatembea. Anataka gari lililo vilevile lilivyotoka kiwandani, na kadiri lilivyobadilishwa ndivyo bei inavyoshuka. Ungeziona nyuso za kaka zangu. Wiki nzima walikuwa wamelinyonyoa gari kama kuku, sasa wakaanza kulirudishia manyoya mbele ya macho yetu.

Mnunuzi alitoa sumaku mfukoni akaipitisha kwenye bodi. Haikunasa. Kaka mkubwa akatokwa jasho, akidhani gari linakataliwa. Ilipofika madigadi ya kushoto ikanasa, naye akatamba kwamba hicho ndicho chuma cha enzi zile. Mnunuzi akamweleza kwa upole kwamba bodi za landrova hizi ni za alumini, na hiyo madigadi bila shaka ni kazi ya fundi wa mageti. Alipoinama chini ya gari alikuta tangi la mafuta limezibwa kwa sabuni ya kipande. Kaka mdogo alisema lilikuja hivyo.

Mnunuzi akasimama, akafuta mikono. Ya bodi ameyaona mwenyewe, alisema. Ya injini na giaboksi angependa kuyasikia kwa wenyewe, mbele ya shekhe. Je, zimewahi kubadilishwa?

Kaka mkubwa hakupepesa macho. "Wallahi, injini hii ni ya baba, ameiacha kama alivyoinunua. Haijaguswa."

Mdogo akaapia giaboksi na difu, na kwa kuwa ulimi ulishapata kasi, akaapia na usukani.

Mnunuzi akafungua boneti, akasugua uchafu ubavuni mwa injini, akasoma namba kwa tochi, akacheka kidogo. Injini ilikuwa changa kuliko gari kwa miaka mingi. Hakukasirika. Alikata tu bei, akataja anayoweza kulipa, nayo bado ilikuwa nzuri kuliko tulivyotegemea, akaenda kungojea jibu kwenye gari lake.

Hata hajafika mbali, kaka mkubwa alishamgeukia shekhe. Kwa kuwa sasa imethibitika injini haikuja na gari, alisema, basi thamani yake itolewe kwanza, apewe yeye aliyeinunua, na kitakachobaki ndicho kigawanywe. Nimeona watu wengi wakigeuka, lakini huyu hata hakuhitaji kuvuta pumzi. Nilimchukia waziwazi.

Pazia likatikisika.

"Shekhe," mama alisema kutoka ndani, kwa sauti ya chini kabisa, "mimi sikuapa kitu, nimesikiliza tu. Nihesabie thumuni yangu kuanzia injini."

Kaka mkubwa akamwambia mama, ambaye wao humwita mama mdogo, asijisumbue, mambo ya magari hayajui. Shekhe akainua mkono kumnyamazisha, akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Magari tuyaache," alisema. "Umeapa kwa Mungu kwamba injini ni ya marehemu. Kama ni yako, sema hapa kwamba uliapa uongo, nami nitakutolea haki yako."

Kaka alimtazama mdogo wake, mdogo akatazama matairi. Majirani wawili waliokuja kutazama gari la kale likiuzwa walikuwa bado wamesimama pale, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

"Ni ya marehemu," kaka mkubwa akasema.